Michoro ya miambani Kolo: namna ya kuifikia, kuisoma na kuirekodi bila kuiharibu

Kolo ni kijiji cha vilima vya Irangi, kilomita 20 na ushei kaskazini ya mji wa Kondoa ukielekea Babati. Vilima vinavyokizunguka vimejaa mawe makubwa yenye paa, na kwenye kuta zilizo chini ya mapaa hayo ndipo ilipo michoro iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lote lililosajiliwa ni kilomita za mraba 2,336, na miamba yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Mwamba unaotembelewa zaidi ni ule ambao wenyeji huuita Mongomi wa Kolo. Kwenye orodha za watafiti umeandikwa Kolo B1, na jirani yake kuna B2 na B3.

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayepeleka darasa, mwanafunzi wa akiolojia, mwongoza wageni anayeanza kazi, na yeyote anayetaka kuacha rekodi inayoweza kutumika na mwingine. Wageni wengi hupanda, hupiga picha tatu za simu, kisha hushuka wakilalamika kwamba michoro imefutika. Mara nyingi ipo palepale, ila inataka muda na mwanga unaofaa. Tena Mongomi ni mahali pa tambiko mpaka leo. Kila hatua iliyoandikwa hapa chini imepangwa kwa kulizingatia hilo.

Kabla ya kupanda

Usiende moja kwa moja mwambani. Anzia ofisi ya kituo cha mambo ya kale pale Kolo kijijini. Hapo utalipa kiingilio, utajiandikisha kitabuni na kupewa mwongoza wageni. Hata kama ulishafika mara kadhaa, hupandi peke yako. Ofisini kuna makumbusho madogo. Yapitie kwanza, maana jicho lililokwisha kuona nakala ya mchoro hulipata umbo lake ukutani kwa wepesi zaidi.

Kutazama na kupiga picha za kumbukumbu ni jambo moja, utafiti ni jingine. Utafiti unahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na uchimbaji wa aina yoyote unahitaji leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale chini ya sheria ya mwaka 1964. Barua ya chuo peke yake haitoshi. Droni usiirushe kabla ya kuulizia ofisini.

Kutoka kijijini hadi chini ya kilima cha Mongomi ni kama kilomita 9 za njia ya vumbi, kisha unapanda kwa miguu mteremko mkali. Panga safari kati ya Juni na Oktoba. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua hujaza makorongo ya mchanga, na gari linaweza kukwama upande ule usiotaka kulala. Vaa viatu vya soli inayoshika jiwe na suruali ndefu ya kuzuia miiba, ubebe maji angalau lita 2 kwa kila mtu. Mwalimu akague mabegi kabla ya msafara kuanza: chaki, kalamu za wino mzito na rangi za kupuliza zibaki garini. Majina ya watu yaliyoandikwa juu ya michoro ya kale yaliandikwa kwa vitu hivyohivyo.

Kundi kubwa ligawanywe. Watu 8 chini ya paa kwa wakati mmoja wanatosha. Wakiwa 30, vumbi la sakafu linapanda na kutua ukutani, na wale wa nyuma wanawasukuma wa mbele hadi mabega yanafika kwenye rangi.

Salamu na tambiko

Wazee wa Kirangi hufika Mongomi kuomba mvua, na waganga huleta watu wenye shida zao. Huletwa pombe ya mtama, na mara nyingine mbuzi wa kuchinjwa. Warangi wengi ni Waislamu, na wapo wanaoswali msikitini na bado wakaja kutambika hapa. Usiligeuze hilo kuwa swali la mtego kwa mwenyeji wako. Vaa mavazi ya heshima, amkia wazee "shikamoo" kabla ya kuuliza chochote, na maswali ya tambiko yapitie kwa mwongoza wageni. Yeye anajua nani ana haki ya kuyajibu.

Ukikuta shughuli inaendelea, teremka ukasubiri, au nenda B2 na B3. Kamera ibaki kwenye mfuko wake. Vitu vilivyoachwa mwambani, kama chungu, sarafu, kitambaa au majivu, havisogezwi hata kama vinaharibu picha yako. Piga picha vikiwemo, au usipige upande huo.

Lipo jambo ambalo wahifadhi na watambikaji hawajaafikiana. Pombe inayonyunyizwa kwenye mwamba huchakaza rangi, na wahifadhi wameona athari yake. Kwa upande wa pili, mahali hapa pamelindwa na imani kabla ya sheria yoyote kuandikwa. Serikali iliwahi kuzungushia baadhi ya miamba nguzo na wavu, na uzio huo haukudumu. Uliwafungia nje watu ambao mahali ni pao, na vifaa vyake vikaishia kwenye matumizi mengine. Kwa maoni yetu, mazungumzo na wazee kuhusu sehemu gani ya mwamba inyunyiziwe na ipi iachwe yatafanya kazi kubwa kuliko wavu wowote. Mgeni hana nafasi ya kumkaripia mtu anayetambika.

Nani alichora

Kuna makundi mawili makubwa ya wachoraji kwenye kuta hizi, na kuyatenganisha ndiyo hatua ya kwanza ya kusoma.

Michoro myekundu ni kazi ya wawindaji na wakusanyaji, watu ambao Wasandawe na Wahadza wa leo wanahusishwa nao. Michoro myeupe ilikuja baadaye, pamoja na wakulima na wafugaji wa lugha za Kibantu. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey waliitembelea miamba hii katika miaka ya 1930, wakarudi mwaka 1951 kwa kazi kubwa. Mary aliorodhesha miamba 186 na kunakili picha zipatazo 1,600. Miamba ilikuwa imeshawekwa chini ya ulinzi kama kumbukumbu ya taifa tangu 1937.

Umri ni swali linaloulizwa na kila mgeni, na hapa ndipo wengi hupotoshwa. Mwaka 1956 mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba pango la Kisese II, si mbali na Kolo, akakuta shanga za maganda ya mayai ya mbuni na vipande vya ngeu, udongo mwekundu wa rangi, kwenye matabaka ya udongo. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba watu waliishi pale zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Huo ni umri wa watu waliokaa chini ya paa. Umri wa mchoro ulio ukutani ni habari nyingine. Ngeu hutumika pia kupaka mwilini na kusindika ngozi, kwa hiyo kipande chake udongoni hakithibitishi kwamba ukuta ulichorwa siku hizo. Mwongoza wageni anayesema "michoro hii ina miaka 40,000" amechanganya mambo hayo mawili.

Kusoma ukuta

Ukifika, simama mita 4 au 5 nyuma na usitazame kitu kimoja. Acha macho yazoee kivuli kwa dakika 10. Kwanza utaona madoa, halafu mistari, halafu mguu wa twiga utajitokeza pale ulipodhani ni kutu ya jiwe. Sogea taratibu hadi nusu mita, ukishika mikono nyuma ya mgongo. Wafundishe wanafunzi mkao huohuo, kwa sababu mkono uliofungwa nyuma haunyooki kuonyesha na kugusa.

Nyekundu imechorwa kwa ngeu, yaani udongo wenye oksidi ya chuma, uliosagwa na kuchanganywa na kitu cha kuushikisha. Mistari yake ni myembamba, mara nyingi imepangwa sambamba kujaza mwili wa mnyama au mtu. Utaona twiga, pofu, tembo na swala. Watu ni warefu na wembamba kupita kiasi, wengine wakiwa na vichwa vya duara vilivyojazwa mistari, kama nywele zilizotengenezwa au kofia. Rangi hii imeingia kwenye jiwe. Ukiitazama kwa lensi ya kukuza mara 10, haina unene juu ya uso wa mwamba.

Nyeupe ni kinyume chake. Imepakwa kwa kidole, mistari ni mipana, na inakaa juu ya jiwe kama ganda. Ndiyo maana inabanduka vipande vipande wakati nyekundu iliyo chini yake inafifia tu. Maumbo yake ni ya mkato: wanyama wenye miguu minne iliyonyooka, duara, mistari, nukta, alama zisizofanana na kiumbe chochote. Wageni huidharau kwa kuwa haina urembo wa ile nyekundu. Wanakosea. Kwa mtu anayetaka kuelewa tambiko la wakulima wa eneo hili, nyeupe ndiyo iliyo karibu zaidi.

Kujua ipi iko juu ya ipi, tafuta mahali mistari miwili inapokatana, kisha tazama kingo kwa lensi. Mstari wa juu una kingo zisizokatika. Wa chini unakoma upande mmoja na kuendelea upande wa pili. Usihukumu kwa ukali wa rangi. Nyekundu iliyoiva inaweza kuonekana kupitia nyeupe iliyochakaa ikaonekana kana kwamba imekaa juu, na kosa hilo hugeuza historia nzima ya ukuta. Angalia makutano matatu au zaidi kabla ya kuandika jibu.

Kisha ondoa yasiyo michoro. Mikojo ya pimbi huacha michirizi myeupe na ya kahawia inayoteremka wima, na wengi wameiandika kama rangi nyeupe. Mchirizi wa pimbi huanzia kwenye ufa au kibaraza walipokaa na kufuata mvutano wa chini, wakati kidole cha mchoraji kinakata kona. Kutu ya chuma iliyomo kwenye jiwe lenyewe hutoa doa jekundu lisilo na kingo. Kuvumwani, yale magamba ya kijivu na ya chungwa, hukwaruza kama karatasi ya msasa na huota zaidi sehemu inayopata mvua. Viota vya udongo vya nyigu huacha mviringo hata baada ya kudondoka.

Mongomi kuna kundi moja la picha linalofaa kutumiwa kama somo. Ni watu watano warefu, wekundu. Wa katikati anaonekana mwanamke, na ameshikwa mikono huku na huku. Wawili wako upande mmoja, wawili upande wa pili, na baadhi yao wana vichwa kama vilivyovikwa vinyago. Mary Leakey aliona hapo utekaji: wawili wanamvuta, wawili wanamzuia asichukuliwe. Watafiti wa baadaye, wakilinganisha na ngoma za uponyaji na ile ngoma ya Wasandawe iitwayo simbo, wameona mtu aliyepandwa na nguvu za ngoma, anayeshikiliwa na wenzake asianguke. Mistari ni ileile, maana mbili. Waambie wanafunzi waandike kwanza wanachokiona: watu wangapi, mikono inaelekea wapi, miguu imesimama au imekunjwa, vichwa vina umbo gani. Tafsiri ipate ukurasa wake peke yake.

Kupiga picha

Mwanga ndio unaoamua. Ukuta uwe wote kivulini au wote juani. Ukiwa nusu kwa nusu, kamera itaunguza upande mmoja na kuzamisha mwingine, na hakuna programu itakayookoa picha hiyo. Kwa kawaida kivuli kizima ndicho bora. Kama ni giza sana, mtu mmoja ashike shuka jeupe nje ya paa kurudisha mwanga ndani. Flashi ya mbele kwa mbele haisaidii: chembe zinazong'aa za jiwe hurudisha mwanga na kuifuta mistari myembamba.

Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, lensi ikitazama ukuta uso kwa uso. Kamera ikiinuliwa kutazama juu, umbo linabanwa kichwani na kupanuka miguuni, na kwa watu hawa wembamba kosa hilo linabadilisha mchoro wenyewe. Tumia ISO 100 au 200, uwazi wa lensi f/8, na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Hifadhi kwa mfumo wa RAW, yaani faili ghafi isiyobanwa na kamera. Kwa simu, tumia lensi kuu, zima vichujio vya kurembesha, funga mwanga kwa kubonyeza kioo kwa muda, na usivute picha kwa vidole. Sogea wewe mwenyewe.

Kila picha ya kumbukumbu iwe na kipimo cha sentimita 10 chenye vipande vya rangi, kile cha IFRAO (shirikisho la kimataifa la mashirika ya michoro ya miambani) kikipatikana. Kipimo kisimame kwenye kijiti kando ya mchoro, kwenye usawa uleule wa ukuta. Hakibandikwi. Gundi ya karatasi ikibanduliwa huondoka na ganda la rangi nyeupe. Anza na picha ya ukuta mzima, kisha sehemu, kisha mchoro mmoja mmoja, na mwisho upige mahali mistari inapokatana. Kama utaunganisha picha kuwa moja kubwa, kila picha ipishane na jirani yake kwa asilimia 60 au 70.

Ukirudi, tumia DStretch, programu jalizi ya ImageJ (programu ya kuchakata picha) iliyotengenezwa na Jon Harman mwaka 2005 kwa ajili ya michoro ya miambani. Ina njia kadhaa za kukoleza rangi, zenye majina ya herufi tatu: anza na YDS kupata picha ya jumla, kisha YBR au LRE kwa nyekundu, na YBK kwa nyeusi. Kichwa cha pofu kisichoonekana kwa jicho kinaweza kutokea chote. Ila programu hii haijui tofauti kati ya ngeu na kutu ya jiwe, inavuta zote mbili. Kwa hiyo umbo lililotokea kwenye kompyuta pekee liandikwe "linashukiwa" hadi mtu arudi ukutani na lensi. Picha za JPEG zilizobanwa sana hutoa vibokisi vya mraba ambavyo wengine huvihesabu kama alama. Picha halisi isifutwe kamwe, na jina la faili la ile iliyochakatwa litaje njia iliyotumika, kwa mfano KoloB1_uk2_YBR15.

Fomu na vipimo

Kwa kila ukuta andika tarehe na saa, jina la mwamba kama linavyotambuliwa na ofisi, ukuta unaelekea wapi kwa dira, upana na kimo chake, na umbali kutoka sakafuni hadi mchoro wa chini na wa juu. Futi kamba ipite hewani mbele ya ukuta, isilazwe juu yake. Umbali kutoka sakafuni usiupuuze: sakafu hubadilika kwa kuchimbwa na kujaa udongo, na kipimo cha leo kitamwambia wa kesho imeshuka kiasi gani.

Maelezo ya mchoro yawe mafupi na ya macho tu. "Mtu, nyekundu iliyoiva, mistari myembamba wima, amesimama, mikono miwili imeinuliwa, miguu imefunikwa na nyeupe" yanatumika. "Mganga akicheza ngoma ya mvua" hayatumiki, kwa sababu anayesoma baadaye hawezi kujua uliona nini hasa.

Kunakili kwa kulaza karatasi angavu juu ya mwamba kulifanyika sana zamani. Leo usifanye. Karatasi husugua, na kalamu hukandamiza ganda. Chora kwa mkono kwa kipimo cha 1:10 kwenye karatasi ya miraba, kisha fuatisha mistari juu ya picha ukiwa mezani.

Yanayoua michoro

Maji ni adui wa kwanza, hata yale ya nia njema. Zamani ilikuwa kawaida kulowesha ukuta ili rangi zing'ae kwa ajili ya picha. Maji huingia kwenye vinyweleo vya jiwe, huyeyusha chumvi, na yanapokauka chumvi hiyo huja juu na kusukuma rangi nje, au kuacha utando mweupe usiotoka. Mtu akitoa chupa yake "kusafisha kidogo", mzuie.

Moshi wa warina asali na wachungaji hutia weusi kwenye paa. Mbuzi hujisugua kwenye kuta za chini. Vumbi usilipulize wala kulifuta kwa brashi, maana kila punje huwa kijisu kidogo.

Uchimbaji wa hazina umeleta hasara kubwa zaidi chini ya mapaa haya. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Kondoa ilitekwa na jeshi la jenerali van Deventer wa upande wa Waingereza Aprili 1916, na mwezi uliofuata majeshi ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yakapigana nalo hapohapo. Baada ya Wajerumani kuondoka, uvumi wa mali waliyofukia haukuisha, na watu wamechimba mashimo chini ya miamba kuitafuta. Wanachokitawanya ni matabaka ya udongo yenye mawe ya kale, mifupa, mkaa na ngeu, ambayo yakishachanganywa hayapimiki tena. Ukiona shimo jipya, lipige picha likiwa na kipimo, usiingie wala kuokota kitu, na umwambie mwongoza wageni papo hapo.

Baada ya kurudi

Nakala ya picha na fomu ipelekwe ofisi ya Kolo ndani ya mwezi mmoja, kwenye diski au kadi ya kumbukumbu, pamoja na karatasi ya maelezo. Kabla ya kuweka picha yoyote mtandaoni, futa viwianishi vya mahali vilivyojificha ndani ya faili. Mongomi inajulikana, lakini miamba midogo ya vilimani haina mlinzi, na wachimba hazina nao wanatumia intaneti.